Askari wa Leo katika Vita vya Jana: Uhakiki wa Hadithi za Laiti kwa Mfano wa Sotik, 1905

1. Utangulizi

Umo katika fasihi ya kubuni ya Marekani na Japani mkondo mmoja wa hadithi ambamo askari wa siku hizi, pamoja na silaha na magari yao, hujikuta ghafla katika vita vilivyopiganwa na kwisha zamani. Msanii huuliza swali moja: ingalikuwaje lau wale wa kale wangalikuwa na silaha za hawa wa sasa? Kisha huliacha jibu litoke katika mtutu wa bunduki. Makala haya yanazipa hadithi hizo jina la hadithi za laiti, kwa kuwa laiti ndilo neno ambalo Mswahili hulitanguliza anapotamani jambo lililopita lingalikwenda njia nyingine.

Mkondo huu una wapenzi wengi, na kwa njia ya filamu umewafikia hata wasio na mazoea ya kusoma riwaya. Haitakuwa ajabu basi mwandishi wa Kiswahili akitaka kuupandikiza katika udongo wa nyumbani. Udongo unaoelekea kuufaa kuliko mwingine ni ule wa Kericho na Bomet, nchi ya chai, ambako mwaka 1905 watu wenye mikuki na ngao walikabiliwa na bunduki za Maxim, zile zilizoitwa bombomu. Ni rahisi kuwaza riwaya ambamo kikosi cha jeshi la Kenya la leo kinashuka Sotik usiku ule ule kabla ya shambulio.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kama riwaya ya namna hiyo inawezekana, na kwa masharti gani. Hoja itakayotetewa ni kwamba kanuni zinazoushikilia mkondo huu huko ulikozaliwa haziwezi kuhamishwa jinsi zilivyo hadi Sotik. Na kwamba mwandishi atakayetaka kutumia -ngali- katika nchi ya chai hana budi kwanza kulipa deni la -li-.

2. Mkondo wenyewe na kanuni zake

Mzizi wa mkondo huu mara nyingi hutafutwa katika riwaya ya Mark Twain, A Connecticut Yankee in King Arthur's Court, iliyotoka mwaka 1889. Mhusika wake mkuu si askari bali ni msimamizi katika kiwanda cha silaha, ambaye baada ya kupigwa kichwani hujikuta katika Uingereza ya mfalme Arthur. Mwishoni mwa riwaya, yeye na vijana wachache hujifungia nyuma ya uzio wa umeme na bunduki za Gatling, wakawaua maelfu ya mashujaa waliovaa deraya. Ushindi huo hauwafai kitu, kwani maiti zinawazingira na hewa inayotoka humo inawadhuru wao wenyewe.

Huko Japani, Hanmura Ryo alitoa mwaka 1971 riwaya iitwayo Sengoku Jieitai, iliyofanywa filamu mwaka 1979. Humo kikosi cha jeshi la kujihami la Japani kinatupwa katika karne ya 16, wakati mabwana wa vita walipokuwa wakigombea nchi. Katika filamu hiyo kiongozi wa kikosi analewa tamaa ya kutawala; mafuta na risasi vinakwisha, na wenyeji wa zama zile wanawamaliza. Filamu ya Kimarekani, The Final Countdown ya mwaka 1980, inaipeleka manowari Nimitz hadi tarehe 6 Desemba 1941, siku moja kabla ya shambulio la Pearl Harbor. Lakini tufani inairudisha kabla haijalizuia shambulio hilo, na historia inabaki ilivyo. Harry Turtledove naye, katika The Guns of the South ya mwaka 1992, anawatoa makaburu wabaguzi wa rangi katika karne ya 21 na kuwafikisha kwa jemadari Robert E. Lee wakiwa na shehena ya bunduki aina ya AK-47, ili watetezi wa utumwa wasishindwe.

Ukizilinganisha kazi hizi unaona kanuni tatu zinazozishikilia zote. Kwanza, silaha ndiyo inayochukuliwa kuwa kiini cha ushindi au ushindwa. Pili, msomaji anatarajiwa kujua upesi askari waliotumwa ni wa nani, yaani yupi ni sisi na yupi ni wao. Tatu, msomaji anaijua tayari historia halisi. Mmarekani hahitaji kuelezwa kilichotokea Pearl Harbor, wala Mjapani hahitaji kufundishwa karne ya 16 ya nchi yake. Sehemu zinazofuata zinaipima kila kanuni kwa mfano wa Sotik.

3. Silaha: hadithi iliyokwisha kutokea

Mambo ya Sotik, ambayo leo iko katika Kaunti ya Bomet, yafaa yaelezwe kwa ufupi. Mwaka 1905 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki iliwatuhumu Wakipsigis wa Sotik kuwa wamewashambulia Wamaasai na kuteka ng'ombe na watu, tena kwamba wamekataa kuwarudisha. Jeshi lilitumwa chini ya Meja Richard Pope-Hennessy. Watu waliouawa, wakiwemo wanawake na watoto, hutajwa kuwa wapatao 1,800, na maelfu ya mifugo yalichukuliwa. Mwaka huo huo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Mwaka huo huo, kusini, vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha anza katika nchi ya Wamatumbi.

Sasa na tumtazame tena Twain. Alichokiwaza kama mzaha mchungu mwaka 1889, bunduki za rashasha zikifyeka watu wa mikuki, kilikuja kutokea Sotik miaka 16 baadaye bila mzaha wowote. Kwa Wakipsigis, askari waliotoka katika wakati mwingine walikwisha kuja. Walitoka katika viwanda vya Uingereza, na silaha yao haikuwa na mfano wala jina katika lugha ya wenyeji. Kwa hiyo pale msomaji wa Marekani anapoliona jambo la ajabu, msomaji wa Bomet anaona jambo alilohadithiwa na bibi yake. Mwandishi anayewaleta askari wengine wa ajabu kupigana na wale wa kwanza hakubuni kitu. Amegeuza tu upande wa mtutu.

Zaidi ya hayo, kanuni yenyewe kwamba silaha ndiyo kiini ina walakini. Historia ya Afrika Mashariki imekwisha tupa majaribio yake ya laiti. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Kijerumani la Zelewski na kuteka bunduki nyingi. Silaha za mgeni zikawa mikononi mwao. Hata hivyo ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Bunduki bila risasi za kuendelea, bila mafunzo, bila umoja na majirani, ni chuma tu. Hanmura alilijua hilo, ndiyo maana askari wake wanaishiwa mafuta.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili kwa undani zaidi. Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) hakuwapa wapiganaji wa Maji Maji bunduki ambayo hawakuwa nayo. Aliwaacha na maji, akaiweka tamthilia yote juu ya swali la imani na umoja: je, jambo lisilo la kweli laweza kuwaunganisha watu katika jambo la kweli? Mwishoni Kinjeketile anakataa kuyakana maji, kwa sababu anaona kukana huko kutatumiwa kuwafundisha vizazi vijavyo kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Hapo ndipo tofauti ilipo. Hadithi ya laiti ikitegemea silaha peke yake humwambia msomaji kwamba babu zake walishindwa kwa kuwa walikuwa nyuma. Hussein anamwambia kwamba babu zake walifikiri, walishindana kwa hoja, wakachagua. Kauli ya kwanza, japo imevaa nguo za ukombozi, ni kauli ile ile ya mkoloni.

4. Askari: sisi ni nani?

Kanuni ya pili inahusu mpaka kati ya sisi na wao. Katika Kiswahili mpaka huo unaanza kuyumba ndani ya neno lenyewe. Askari ni mwanajeshi, ni polisi, na ni yule mlinzi anayesimama langoni mwa shamba la chai akiwa na rungu na koti la mvua. Mtu wa Kericho akisikia kwamba askari wamefika, haulizi wametoka katika karne gani. Anauliza wametumwa na nani.

Swali hilo ni la haki. Waliopiga bunduki mwaka 1905 hawakuwa Waingereza watupu. Maofisa walikuwa Waingereza. Lakini askari walikuwa Waafrika wa King's African Rifles, pamoja na wasaidizi kutoka jamii jirani. Amri zilitolewa kwa Kiingereza, lakini lugha iliyoendelea kukua kambini ilikuwa Kiswahili. Jambo hili halipendezi kutajwa katika jarida la lugha za Kiafrika, lakini halifai kufichwa: lugha yetu ilikuwepo upande wa bombomu.

Tena jeshi la Kenya lilirithi vikosi vya King's African Rifles wakati wa uhuru, mwaka 1963. Batalioni ya tatu, iliyoshiriki katika vita dhidi ya Wanandi mwaka 1905 na 1906, ikawa batalioni ya tatu ya Kenya Rifles. Kwa hiyo kikosi cha leo kikishushwa Sotik usiku ule, adui watakayemwona ng'ambo ya mto amevaa alama ambazo wao wamerithi. Na miongoni mwa askari hao wa leo wangalikuwamo Wakipsigis wengi, kwa kuwa Wakalenjin walikuja kuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari kwa wingi katika jeshi lile lile lililowashambulia.

Hapa pana utajiri mkubwa wa kisanii ambao Turtledove na wenzake hawakuwa nao. Koplo mzaliwa wa Bomet, aliyelelewa kwa mshahara wa baba yake aliyekuwa King's African Rifles, anapotazama kwa darubini na kuona safu ya askari weusi wanaonyanyua bunduki dhidi ya boma la babu wa babu yake, hawezi kusema kwa urahisi yeye ni nani. Riwaya itakayomwacha koplo huyo apige risasi bila kusita itakuwa riwaya ya propaganda. Riwaya itakayomfanya asite itakuwa imeanza kusema kitu.

5. Karatasi iliyotumwa mbele

Hata tukijalia kwamba askari wa leo wameshinda Sotik, je, wangaliiokoa nchi? Jibu la historia ni kwamba hapana. Mauaji ya 1905 yalivunja nguvu za watu, lakini ardhi haikuondoka kwa bombomu. Iliondoka kwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliruhusu ukodishaji wa miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 ikauongeza hadi miaka 999. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yakaanza kupanda katika vilima vya Kericho. Mwaka 1914 Kipchomber arap Koilege, ndugu yake Koitalel na orkoiyot wa Wakipsigis, alikuwa amekwisha hamishwa mbali na watu wake. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa waganga na waaguzi hao, na mamia yao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria.

Yafaa msomaji atulie kidogo juu ya hesabu ile. Mkataba wa miaka 999 uliotiwa sahihi mwaka 1915 ungalikwisha mwaka 2914. Waandishi wa hadithi za askari tulizozitaja hawakutuma kikosi chochote mbali kiasi hicho. Wao hurudisha askari nyuma miaka 40 au 400. Serikali ya kikoloni ilituma karatasi mbele karne kumi kasoro mwaka mmoja, na karatasi hiyo ilitii. Ilivuka uhuru wa 1963 bila kujeruhiwa, na ni Katiba ya mwaka 2010 tu, katika kifungu cha 65, iliyoikata miaka yake iwe 99 kwa wasio raia. Hapa ndipo penye safari ya wakati iliyo ya kweli katika nchi ya chai, na kikosi chenye helikopta hakiwezi kuitungua.

Watu wa Kericho na Nandi nao wana mapokeo yao ya kuvuka wakati. Husimuliwa kwamba Kimnyole arap Turukat, baba yao Koitalel na Kipchomber, alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma anayetema moto na moshi, kabla reli haijafika. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890. Katika mapokeo hayo kinachosafiri ni neno. Tena linatoka zamani kuja kwetu, wala si sisi tunaokwenda kuwaokoa wazee. Waliotangulia ndio wanaojua, na waliofuata ndio wanaopewa onyo. Hadithi ya laiti huupindua uhusiano huo: mjukuu ndiye mjuzi, na babu ni mtu wa kuokolewa. Mwandishi wa Kiswahili atakayeyafahamu mapokeo haya hataona haya kuwaacha wazee wa 1905 wamfundishe koplo kitu asichokijua.

Naye Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, hakuhitaji chombo cha kubuni. Alikamatwa mwaka 1923, akaachiliwa mwaka 1964 katika nchi iliyokwisha pata uhuru. Miaka ile 41 ni safari ya wakati ambayo hakuiomba.

6. Deni la -li-

Imebaki kanuni ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Sarufi itatusaidia kuieleza. Vitabu vya sarufi, kama kile cha Ashton cha mwaka 1944, hutenga -nge- kwa jambo linaloweza kuwa na -ngali- kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha pita. Wasemaji wengi hawaushiki mpaka huo, na si kusudi la makala haya kuwalaumu. Lililo muhimu ni hili: sentensi ya -ngali- hubeba ndani yake sentensi mbili za kukanusha. Anayesema "wangalikuwa na bunduki wangalishinda" amesema kimyakimya kwamba hawakuwa nazo na hawakushinda. Asiyeijua hawaku- haipati ladha ya -ngali-. Atadhani anasimuliwa jambo lililotokea.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika Kiswahili, kwa kuwa -li- yetu ni pana mno. Kikalenjin hutenga kwa viambishi wakati uliopita wa leo, ule wa jana na siku za karibuni, na ule wa zamani. Msimulizi Mkipsigis akiwaweka askari wa leo ndani ya 1905 hulazimika kuonyesha kila mara yupo katika wakati upi. Mwandishi wa Kiswahili hana lazima hiyo: "alikunywa chai" yaweza kuwa asubuhi hii, yaweza kuwa enzi ya Pope-Hennessy. Asiposhika mpaka kwa mbinu nyingine, tarehe, mavazi, msamiati, nyakati mbili zitachanganyika na kuwa moja.

Je, msomaji wa Kiswahili anaijua Sotik? Wazee wa Bomet wanaijua. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Bukavu yaelekea kuwa hajapata kuisikia, kwa kuwa haikuandikiwa tamthilia inayosomwa shuleni kama ilivyoandikiwa Maji Maji na Hussein, au kama ilivyoandikiwa Uhehe na Mulokozi katika Mukwava wa Uhehe (1979). Kwake, riwaya ya kwanza juu ya Sotik ndiyo itakayokuwa Sotik. Ikiwa katika riwaya hiyo Wakipsigis wameshinda kwa msaada wa helikopta, atabaki na nini mkononi?

Swali hili si la madarasani tu. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza juu ya madai ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 madai hayo yakafikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2023 Mfalme Charles wa Tatu, akiwa Nairobi, alitamka huzuni na majuto juu ya ukatili wa enzi ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Watu ambao bado wanadai ikubaliwe kwamba jambo lilitokea hawana nafasi ya kuchezea jinsi ambavyo lingalitokea.

Tena hawakuwa wao wa kwanza kukabili -ngali- iliyojivika -li-. Meinertzhagen alitoa kitabu cha shajara zake za Kenya mwaka 1957, zaidi ya nusu karne baada ya kumwua Koitalel. Kwa miaka mingi kitabu hicho kilisomwa kama ushahidi. Baadaye wachunguzi walionyesha kwamba alizipiga chapa upya shajara zake na kuzirekebisha, na kwamba hata katika elimu ya ndege alighushi vielelezo. Huyo ndiye askari wa baadaye aliyerudi katika vita vya zamani: mzee wa 1957 aliyemtengenezea kijana wa 1905 maneno ya kusema. Fimbo alizozichukua kwa Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Maneno hayarudishwi kwa urahisi huo.

7. Hitimisho

Makala haya hayamkatazi mwandishi kuandika. Fasihi ina haki ya kusema laiti, na huzuni nyingine haina mlango mwingine wa kutokea. Yaliyoonyeshwa ni masharti ya udongo. Riwaya ya askari wa leo Sotik itasimama ikiwa itaibeba historia yenyewe ndani yake, kwa majina na tarehe, badala ya kuitegemea kwa msomaji. Ikiwa itakubali kwamba askari wa leo ni mrithi wa pande zote mbili za mto. Na ikiwa itawaachia wazee wa 1905 akili zao. Mwisho wake ulio bora pengine si ushindi. Koplo yule wa Bomet, baada ya risasi zake kwisha, angalifaa aketi na mzee mmoja kando ya moto, ajaribu kumweleza kwamba kutakuja karatasi ya miaka 999. Mzee atamwuliza karatasi ni nini, na miaka 999 ni uhai wa watu wangapi. Hapo koplo atalazimika kutafuta maneno, na mwandishi wa Kiswahili pamoja naye.